Tangazo la Msiba wa Mama Lilitoka Akiwa Hai

Nina miaka thelathini na moja, sijaolewa, na naishi Mbagala Kizuiani kwenye nyumba aliyoijenga mama yangu kwa kukaanga samaki. Kazi yangu ni dizaina. Kadi za harusi, mabango ya saluni, lebo za sabuni za maji, vyote hivyo nimefanya. Lakini kilichonipa jina Mbagala nzima ni matangazo ya misiba. Ndiyo, misiba! Na tangazo la msiba ndilo lililonimaliza.

Siandiki ili nionewe huruma. Huruma nimepewa mpaka nimechoka. Naandika kwa sababu najua wewe unayesoma hapo una simu mkononi, na leo hii unaweza kufanya walichofanya ndugu zangu, tena kwa nia njema kabisa.

Ngoja niwaeleze kazi yetu ilivyo. Siku hizi mtu akifariki, watu wanasubiri posta, ile picha ya tangazo la msiba. Msiba usio na posta kwenye simu ni kama haujatokea. Na sie Waislamu mtu akifa asubuhi alasiri anazikwa, kwa hiyo posta inatakiwa itoke haraka. Dizaina anayetoa wa kwanza, ya kwake ndiyo inayozunguka kwenye magrupu, na pale chini kuna logo yake na namba yake. Hayo ndiyo matangazo ya biashara yetu, jamani. Tunajitangaza kwenye vifo vya watu! Ulikuwa hujui? Basi ujue.

Posta yangu mwenyewe nilikuwa nimeiumizia kichwa. Niliona wenzangu wanaweka mishumaa na mabawa ya malaika kwa marehemu Waislamu, maua yanaelea, herufi zinametameta mpaka jina halisomeki. Nikasema hapana. Nikatengeneza ya kwangu. Kijani iliyokolea karibu iwe nyeusi, picha ya marehemu ndani ya duara, Inna lillahi juu kwa rangi ya dhahabu, jina kubwa, mahali na saa ya maziko. Basi, hakuna pambo lingine.

Watu waliipenda! Wakawa wanaomba wenyewe, tunataka ile ya kijani. Ikafika mahali mtu akiona kijani na dhahabu kwenye simu hasomi tena, anajua kuna mtu kafa, anaandika pole. Wakati ule nilijiona fundi kweli kweli. Nilikuwaga natembea Kizuiani kifua mbele.

Kazi hiyo nilikuwa naifanya na mchumba wangu, Sudi. Tulikuwa na fremu moja ya duka barabarani, kompyuta moja, na peji moja. Posa alishaleta, mama akaipokea kwa vigelegele. Mie nadizaini, yeye anaendesha peji. Paswedi alikuwa nayo peke yake. Nilimwachia mwenyewe, kwa mapenzi, maana makelele ya mtandaoni yananichosha.

Sudi alikuwa mpole, mtu wa kumbebea mama ndoo bila kuambiwa. Lakini likija suala la peji, anakuwa mtu mwingine kabisa. Kulikuwa na dizaina mmoja wa kule mtaa wa Rangi Tatu, hawa wawili walikuwa wanashindana nani atangulie kutoa. Mtu akilazwa tu akiwa hoi, Sudi anatafuta picha yake, anaikata vizuri, anaiweka tayari. Nikimwambia Sudi huo ni uchuro, ananijibu eti hata duka la sanda halisubiri mtu afe ndiyo likanunue kitambaa. Nilikuwa nacheka. Loh! Nilikuwa nacheka...

Mama yangu, Bi Zuhura, alikuwa na uvimbe kwenye kizazi. Alituficha. Alikuwa anatokwa damu miezi na miezi, anajifunga kanga mbili mbili, anaenda kukaanga samaki wake. Siku aliyoanguka jikoni ndiyo nikajua. Tulipofika hospitali ya Temeke daktari alikuwa mkali, na alikuwa na haki ya kuwa mkali. Alisema damu imebaki kidogo sana mwilini, kesho lazima apasuliwe, na hawezi kumwingiza chumba cha upasuaji bila damu ya kumwongezea. Kwenye benki yao damu ilikuwa haitoshi. Ndugu waje asubuhi na mapema kuchangia.

Mie nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Wakanipima, wakasema damu yangu mwenyewe ndogo, siwezi kutoa. Unajua inavyouma? Mama yako anahitaji damu, na ya kwako haifai!

Nikaandika kwenye grupu la familia. Wakajibu wote. Hamisi na wadogo zake wa Vingunguti, watoto wa mama mkubwa, wanaofanya kazi machinjioni, vijana wenye afya zao, walisema saa moja asubuhi wako getini. Mama mdogo Tatu, mdogo wake mama, akasema analeta na majirani. Sudi naye akaahidi. Jioni alikuja wodini, akamshika mama mkono, akamwambia kesho kutwa tunakula wote samaki. Mama akacheka. Sudi akaondoka. Nami nikalala na moyo mwepesi, naapa.

Asubuhi nikaenda kukaa kwenye benchi la wachangia damu. Simu ilikuwa imezima, chaji hamna. Sikuwa na wasiwasi, watu si wanakuja? Saa moja ikapita. Saa mbili. Wanakuja watu wa wagonjwa wengine, wanaingia, wanatoka na pamba mkononi. Wangu hakuna hata mmoja.

Nesi akanijia mara ya kwanza, akaniuliza ndugu zangu wako wapi. Nikamjibu wako njiani. Akaja tena, safari hii hakuuliza kwa upole. Nikarudi wodini kwa mama. Midomo yake ilikuwa imekuwa myeupe. Akaniuliza, "Wamefika?"

"Wako njiani, mama."

Mama mmoja wa kitanda cha jirani akaniazima chaja. Nikachomeka kwenye soketi ya korido, nikasimama hapo hapo ukutani. Simu ikawaka... na meseji zikaanza kuporomoka. Pole sana Mwanahawa. Mungu akupe subira. Pole dada, kazi ya Mungu haina makosa. Tumepokea kwa masikitiko.

 Nikajua mama amekata roho muda ule ule nilipompa mgongo, na watu wamejua kabla yangu! Nikaiacha simu ukutani, nikakimbia, nikamkumba mhudumu mwenye ndoo ya maji, sikusimama hata kuomba radhi. Nikafika kitandani.

Mama akageuza shingo taratibu. Akaniuliza, "Wamefika?"

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Akanishangaa. Nikamwambia bado kidogo, nikarudi ukutani.

Nikafungua grupu la familia. Mama yangu alikuwa humo, ndani ya duara, na ushungi wake wa Idi. Picha ile niliipiga mimi. Kijani ile niliichagua mimi. Juu Inna lillahi kwa dhahabu. Chini: maziko ni leo, saa kumi alasiri. Na chini kabisa logo yetu na namba ya Sudi. Nisameheni kwa hiki ninachotaka kusema, lakini kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni kwamba imepangwa vizuri.

Nikampigia Sudi. Akapokea kwa sauti ya msiba, "Pole mke wangu." Nikamwambia pole ya nini, mama yuko hai, anaongea, anasubiri damu!   Akaanza kujieleza. Posta alikuwa ameshaiandaa tangu jana alipotoka wodini, kwa sababu hali aliiona. Asubuhi akaona jirani yetu ameweka picha ya mama kwenye status, na vikatuni vinalia. Akanipigia, sipatikani. Akajua ndiyo basi tena. Na yule wa Rangi Tatu angeweza kuwahi.

Yule wa Rangi Tatu angeweza kuwahi! Hakwenda kumuuliza hata huyo jirani, ambaye kumbe alikuwa anamwombea mama apone tu, na kutoka fremu yetu mpaka mlangoni kwake ni kuvuka barabara tu.

Nikamwambia, "Sudi, futa. Futa sasa hivi, andika mama yuko hai."

Alivyonijibu sitasahau mpaka nazikwa. Alisema, "Mwana, nikifuta sasa hivi tutaonekana waongo, peji itakufa. Imeshasambaa sana. Tusubiri kidogo, tuone hali ya mama."

Msomaji, umeelewa? Tuone hali ya mama! Yaani asifute, huenda mama akafa kweli, na kazi isiharibike! Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama ninayo. Akakata simu. Nilipompigia tena hapatikani.

Nikampigia Hamisi. Walikuwa wameshaondoka Vingunguti kuja hospitali, wote, na posta ikawakuta njiani. Wakageuza, wakaenda Kizuiani. Nilipompata alikuwa juu ya ngazi anafunga turubai. Nikapiga kelele, Hamisi, mama hajafa, njooni mtoe damu! Akasema kwa upole wa kuniua, "Pole sista. Jikaze. Una mtu hapo wa kukaa nawe?"

Hakuniamini! Nikampigia mama mdogo Tatu. Huyo ndiyo hakunisikia kabisa, alikuwa analia tu, ananiambia nikubali, Mungu ndiye aliyetupa na ndiye aliyechukua. Simu akapewa mwanamke mwingine, nikamsikia akiwaambia wenzake, "Maskini, ameshachanganyikiwa." Nikabaki nimeshika simu, nabishana na nyumba nzima kwamba mama yangu anapumua.

Nikatuma sauti kwenye grupu. Ndugu mmoja akajibu tuwe makini, siku hizi matapeli wanatengeneza sauti za watu, hasa kwenye misiba, halafu wanaomba michango. Eti tapeli! Mie, Mwanahawa, kwenye grupu nililolifungua mwenyewe!

Nesi akaja tena. Safari hii alininyooshea kidole kwenye saa ya ukutani. 

Ndipo nikafanya kosa la kikazi, kosa ambalo mtu asiye dizaina asingelifanya. Nikafungua programu kwenye simu. Vidole vyenyewe vikaenda kwenye ile dizaini yangu, kwa sababu ilikuwa tayari na kwa sababu ndiyo inayoaminika. Nikafuta maneno, nikaandika kwa herufi kubwa: MAMA YUPO HAI. ANAHITAJI DAMU SASA HIVI. Nikaweka na jina la wodi. Nikatuma kwenye kila grupu nililomo.

Majibu yakaja haraka kuliko siku zote. Inna lillahi. Apumzike kwa amani. Vikatuni vya viganja vilivyounganishwa. Mioyo iliyovunjika. Mmoja akauliza kama saa ya maziko imebadilika.

Hawakusoma! Mungu wangu, hawakusoma! Waliona kijani, wakaona dhahabu, wakaona sura ya mama kwenye duara, vidole vikaandika pole na wakaendelea na mambo yao. Miaka yote nilikuwa nawafundisha mimi mwenyewe wasisome. Nilijisifia jambo hilo! Nikakaa chini pale koridoni, kwenye sakafu, nikajipiga kofi usoni.

Kwenye majina ya simu nikaona Mjomba Saidi. Huyu ni kaka yake mama, anaishi Madale, mtu mzima, ana simu ya kitochi, grupu halijui. Sikuwa nimempigia tangu jana kwa sababu ana presha na kwake ni mbali. Nikampigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema?"

Nikamwambia mama anahitaji damu, watu hawaji. Hakuniambia pole. Hakuniambia nijikaze. Aliuliza hospitali gani, akakata simu. Katika ukoo mzima, aliyeniamini ni yule ambaye hakuiona posta. Wanawe wawili walikuwa wanafyatua matofali huko huko Madale, akawapakia kwenye bodaboda na matope yao. Njiani akampigia Hamisi. Nilikuja kusimuliwa kwamba alimtukana mpaka Hamisi akashuka kwenye ngazi na kuliacha turubai limefungwa upande mmoja. Wakaondoka yeye na wadogo zake mbio, hawakuaga mtu.

Lakini kutoka Madale mpaka Temeke unapajua mwenyewe. Na Barabara ya Kilwa, anayopita Hamisi, siku ile ilikuwa imesimama. Wakati wanakuja, kijana wa yule mama wa chaja akaingia akatoa damu kwa ajili ya mama yangu. Hatujuani! Ndugu zangu wamekaa kwenye jamvi langu wanamlilia mama, na mtoto wa watu ndiye anayekunja mkono wa shati!

Adhuhuri ilikuwa imeshapita walipotokea. Mjomba mbele, hawezi hata kuongea kwa kuhema. Hamisi nyuma, alipomwona mama anafumba na kufumbua macho akapiga magoti pale wodini, akalia kama mtoto. Wakatolewa damu. Damu nayo haichukuliwi ikaingizwa hapo hapo, lazima ipimwe kwanza. Tukasubiri. Mama wakati huo alikuwa baridi, mikono, miguu, kote.

Wakaja na kitanda cha magurudumu. Nikatembea naye mpaka mlangoni. Akaniuliza kwa mara ya mwisho, sauti imekuwa ndogo, "Wamefika?"

"Wamefika, mama. Wote wamefika."

Akasema, "Waambie ahsante."

Tulikaa nje pale, kila tuliyempigia nyumbani hapokei, mpaka jua likaanza kushuka. Daktari alipotoka, nilijua kwa namna alivyovua kofia. Alisema mwili ulikuwa umechoka sana. Hakuniambia kama ni kuchelewa. Mie sikumuuliza, na mpaka leo sijamuuliza, maana nikijibiwa sijui nitaishi vipi.

Mjomba akabaki kushughulikia mwili. Mie nikaondoka kwenda kuwapa watu habari, nimeshikwa mkono na Hamisi. Njia nzima natafuta maneno. Nitamwambiaje mama mdogo? Nitaanzia wapi?

Nikafika Kizuiani. Turubai lilikuwa limeshanyooshwa. Wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, masufuria yanachemka, kisomo kinaendelea kwa spika. Nikaingia katikati ya wale wanawake, nikamwangukia mama mdogo Tatu, nikamwambia, "Mama amefariki."

Akanipangusa uso na kanga yake. Akaniambia, "Tunajua mwanangu. Tangu asubuhi tunajua. Kaa chini ule, hujala."

Nikapiga kelele, hamjui! Amefariki sasa hivi! Asubuhi alikuwa anaongea, mchana alikuwa anawaulizia, alisema niwaambie ahsante! Wakanishika mikono, wakanilaza, wakaninyunyizia maji. Wengine walikuwa wameshalia wakamaliza, wanaongea mambo ya shule za watoto. Habari ya kifo cha mama yangu sikuwa na mtu wa kumpa.

Sudi alikuwepo, na kanzu yake nyeupe, anapokea wageni kama mkwe. Hamisi ndiye aliyenionyesha simu. Posta ilikuwa bado ipo kwenye peji. Hakuifuta. Alichobadilisha ni sehemu moja tu: maziko sasa ni kesho, saa nne asubuhi. Nikatazama ni saa ngapi alifanya mabadiliko hayo. Mama alikuwa bado hajaingia chumba cha upasuaji. Alikuwa na mimi, wodini, namshika mkono... na mchumba wangu ameshampangia saa ya kuzikwa!

Nilimfuata pale pale mbele ya wageni. Nikamuuliza kwa nini. Hakuwa hata na aibu. Aliniangalia kwa huruma, akasema, "Lakini Mwana, mwisho si imekuwa kweli?"

Pete yake niliivua nikaitupa chini ya viti vya wageni, sijui nani aliiokota. Na mama tulimzika siku ya pili, saa nne asubuhi. Saa ile ile.

Peji bado anayo. Ile dizaini yangu anaitumia mpaka leo, na hata wewe huenda umeshaipokea. Mie matangazo ya misiba nimeacha. Natengeneza lebo za sabuni.

Ndugu zangu dizaina, mnaonisoma, nawaomba kwa jina la Mungu: msimwandalie posta mtu anayepumua. Na wewe usiye dizaina, usitume kifo cha mtu kwa sababu kimepangwa vizuri kwenye picha. Mpigie simu anayemuuguza. Ukimkosa, mtafute mwingine, vuka barabara ukagonge mlango uulize. Na mtoto wa marehemu akikuambia mama yake yuko hai, usimwambie ajikaze. Inuka uende ukamtolee damu.